Dada wa Saba Ana Miaka Arobaini na Saba

Mtu akikugongea mlango Jumapili baada ya misa, amevaa vizuri, na mkononi ana boksi la mikate mitamu lililofungwa kwa uzi, huna haja ya kumuuliza kilichomleta. Kwetu Wamexico wa hapa mtaa wa relini hata watoto wanajua. Amekuja kukuomba usimamizi. Nyumbani kwake kuna binti anayetimiza miaka kumi na mitano, au kijana anayeoa, au mtoto wa kubatizwa, na katika shughuli hiyo kuna kitu anataka wewe ukibebe: keki, gauni, maua, chakula. Ukishapokea boksi, umeshakubali. Kilichobaki ni kunywa kahawa mpaka uambiwe umekubali nini.

Doña Eréndira Tapia alikuwa amepokea maboksi kumi na tisa maishani mwake. Keki kumi na moja, magauni manne, mashada mawili ya maua na mbuzi wawili. Mumewe, Don Chema, husema mtaa mzima umebatizwa na kuozeshwa kwa mgongo wa mkewe, na hapo hatii chumvi nyingi. Kwa hiyo Jumapili ile ya Septemba alipofungua mlango akawakuta mabinti wawili wa chuo kikuu wamesimama na boksi, alifanya kile anachofanya siku zote. Alilipokea, akaweka maji ya kahawa jikoni, akatoa vikombe vile visivyotolewa ovyo.

“Haya, semeni,” akawaambia wakiwa hata hawajakaa sawasawa. “Ni keki au ni chakula?”

Mrefu kati yao alikuwa Itzayana Robledo, binti mwembamba anayezungumza kama mtu aliyeifanyia hotuba yake mazoezi mbele ya kioo, na siku hiyo alikuwa amefanya hivyo kweli. Mwenzake, Zulma Portillo, wazazi wake walitoka El Salvador, na mdomo wake haujui kufungwa. Itzayana alianza kwa adabu. Doña bila shaka alisikia kwamba wanafungua tawi la chama cha udada, chama cha wanafunzi wa kike wa asili yetu ya Kilatino, na halijawahi kuwapo jingine katika chuo kile. Doña alikuwa amesikia. Bwalo zima la chakula la chuo, anakofanya kazi, lilikuwa limesikia. Na tawi likikubaliwa, litafunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba, mbele ya wazazi na wageni kama mia hivi.

“Watu mia,” alisema Doña Eréndira, na macho yake tayari yalikuwa kwenye friji. “Basi ni chakula. Korunda mia mbili, kila mtu mbili. Majani ya mahindi ya kuzifungia ninayo, nilikata Julai yakiwa bado mabichi. Salsa nitafanya nyekundu na ya kijani.”

Itzayana akafungua kinywa. Akakifunga. Akamtazama Zulma, na Zulma, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuwa na la kusema; alikuwa anahesabu mbao za dari.

Sasa niambie wewe. Mwanamke wa umri wa mama yako amekumiminia kahawa katika vikombe vyake vya wageni, amekwisha kukupangia hadi rangi ya salsa, halafu umwambie amekosea? Kwetu mtu mzima hasahihishwi nyumbani kwake. Walishukuru, wakanywa, wakala mkate wao wenyewe, wakaondoka na ahadi ya korunda mia mbili, yale madonge ya unga wa mahindi yanayopikwa ndani ya majani, ambazo hawakuziomba, na bila kile walichokuja kuomba.

Ndani ya gari Zulma alipata tena ulimi wake. “Umeenda kuomba dada,” akamwambia mwenzake, “umerudi na menyu.”

Walichokuja kuomba kilikuwa hiki. Ofisi kuu ya chama, iliyoko San Antonio, haifungui tawi lenye wanawake pungufu ya saba. Saba walikuwapo, tangu kiangazi. Lakini baba wa yule wa saba alisikia kwamba katika mafunzo kutakuwa na siku mbili ambazo wasichana watalala pamoja, akasema binti yake analala nyumbani au hospitali, hakuna pa tatu. Mambo yakaishia hapo. Walibaki sita, na majina saba yenye sahihi yalitakiwa yafike kufikia Ijumaa ya kwanza ya Oktoba. Wasipofikisha, ombi lingekufa, na lisingeruhusiwa kuletwa tena mpaka ipite miaka mitatu, wakati wote sita watakuwa wamemaliza masomo na kutawanyika. Walikwisha kupita mlango kwa mlango mabwenini. Wengine hawakuwa na nafasi, wengine hawakuwa na alama, wengine waliogopa baba zao.

Ni Zulma aliyesoma katiba ya chama kurasa zote arobaini na kugundua kwamba hakuna mahali inapotaja umri. Inasema mwanamke aliyesajiliwa kusomea shahada na mwenye alama nzuri. Na mwanamke wa namna hiyo walikuwa wanamwona kila siku saa sita mchana, amevaa kofia ya wavu, anawapakulia wali.

Maana Doña Eréndira alikuwa mwanafunzi. Watu wengi walikuwa hawajui, naye hakuwa mtu wa kujitangaza. Alizaliwa katika kijiji cha kando ya ziwa huko Michoacán, mtoto wa tano kati ya wanane, akaacha shule darasa la sita kwa sababu mama yake aliugua na mahindi hayajisagi. Alipofika miaka kumi na tisa alikuja huku nyanda za Kansas na Chema, aliyekuwa na binamu kwenye kiwanda cha nyama. Miaka kumi na minane alisimama kwenye mstari wa kuchambua mifupa, kisu mkononi, mpaka vidole viwili vya mkono wa kulia vikakataa kunyooka. Sekondari aliimalizia kwa masomo ya jioni katika chumba cha chini cha kanisa, akisinzia na kuamshwa. Kisha akapata kazi ya jikoni chuo kikuu, na siku aliyoipata aliona kama amepanda cheo, kwa sababu nyama ya huko ilikuwa inafika imeshakufa zamani.

Binti yake wa pekee, Citlali, alipojiunga na chuo hichohicho, mama alikuwa kwenye dirisha la kupakulia kwa mwaka wa pili. Siku ya kwanza Citlali alipofika na trei yake, Eréndira alimwita mwanangu kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, akamuuliza kama amelala vizuri, akamwekea mapaja mawili ya kuku. Jioni yake binti alimwomba, akiangalia pembeni: “Mama, kule usionyeshe kwamba unanijua. Tafadhali.”

Mama alimeza. Hakumwambia hata Chema. Na kwa kuwa ni mtu anayeshika neno lake, alilishika na lile. Mihula mitatu Citlali alipita dirishani akapakuliwa kama mtu mwingine yeyote, akaenda kwenye meza ileile ya kando ya dirisha kubwa, akafungua kitabu kinene, akala huku anasoma. Nyuma ya mvuke wa masufuria mama alikuwa anamtazama na kifua kimemjaa. Aliwaonyesha wenzake. Mwoneni yule, aliwaambia, hata akila anasoma.

Muhula wa tatu ulipokwisha, Citlali alirudi nyumbani na mablanketi yake na kusema harudi chuo. Sababu hakutaja. Chema alinyamaza wiki nzima, na ingekuwa heri kama mkewe naye angenyamaza, lakini hakunyamaza. Alimwambia: “Nimesimama miaka ishirini ili wewe ukae. Na kukaa kumekushinda.”

Kuna maneno ambayo hata ukiyaomba radhi mara kumi yanabaki ndani ya nyumba. Citlali alihamia Denver, akapata kazi kwa daktari wa meno, na tangu hapo alikuwa anapiga simu kila Jumapili, akizungumza na mama yake kuhusu theluji. Muhula uliofuata Eréndira alikwenda ofisi ya usajili na kitambulisho chake cha kazi, kwa sababu wafanyakazi wanaruhusiwa kusoma bure, akajiandikisha masomo mawili ya ualimu wa watoto wadogo. Chema alipomuuliza kulikoni, alimjibu kwamba jina la Tapia lisifutike kwenye daftari lile. Mwaka huu ulikuwa wa saba. Bado alikuwa na mmoja na nusu.

Basi wiki mbili baada ya ile kahawa wasichana waliishi kwa woga. Kila mchana walipita dirishani, na kila mchana Doña aliwapa habari mpya za korunda: amepata unga mzuri, Chema analalamika hana pa kuweka barafu kwa sababu ya majani. Walikuwa wanaitikia na kusogea. Siku ya Jumatano, ikiwa imebaki kesho na keshokutwa, Itzayana alikuja peke yake, saa nane, foleni imekwisha. Chini ya sahani alikuwa ameweka fomu.

“Doña,” alisema, “hatukuja kwako kuomba chakula. Tulikuja kukuomba wewe.”

Akamweleza. Alieleza vibaya, akirudia rudia, ile hotuba ya mbele ya kioo haikutokea kabisa. Eréndira alicheka kwanza. Alipoona binti hacheki, uso ukambadilika, akauliza kama wanamfanyia mzaha. Yeye ni mama wa mtu. Ana miaka arobaini na saba na miguu ya miaka sabini. Atasimama vipi kwenye mstari na watoto, avae fulana zao, aimbe nyimbo zao, watu wamcheke mpaka kwenye magazeti ya wanafunzi? Kuwapikia atawapikia, hata mia tatu. Lakini hilo jingine wakamtafute mwenzao.

“Hakuna mwenzetu mwingine,” Itzayana alisema. “Ijumaa tukiwa sita, basi tena.”

“Mtakula korunda hata hivyo.”

Ungedhani yameisha. Binti alichukua fomu yake, akageuka, akatembea hatua tatu hivi, kisha akarudi. Alikuwa amekasirika, na mtu akikasirika wakati mwingine ndipo anapotoa la moyoni.

“Mwaka wangu wa kwanza,” alisema, “kulikuwa na siku ambazo mtu pekee aliyenitaja jina tangu asubuhi mpaka usiku alikuwa wewe, hapa dirishani. Nilikuwa nakaa pale naweka kitabu mbele yangu, ili wasijue sina wa kula naye. Ukurasa mmoja, Doña. Mwezi mzima niliufungua ukurasa uleule.”

Alikuwa ameonyesha kwa kidole meza za kando ya dirisha kubwa.

Upawa ulikuwa bado mkononi mwa Eréndira, na wali uliokuwa ndani yake ulikuwa unaanguka kidogo kidogo kwenye kaunta, naye hauoni. Itzayana aliogopa, akaanza kuomba radhi, akidhani amemvunjia heshima. Mwanamke akamwambia tu aiache fomu.

Alitoka kazini saa kumi jioni, akakaa ndani ya gari kwenye maegesho bila kuliwasha. Upepo wetu wa huku mnaujua, ulikuwa unalitikisa gari lote. Akampigia Citlali, na kwa kuwa haikuwa Jumapili, Citlali alipokea akiuliza nani amekufa.

“Hakuna aliyekufa. Nataka kukuuliza. Kile kitabu ulichokuwa unasoma ukila, pale bwaloni. Kilikuwa kinahusu nini?”

Akasikia mlango ukifungwa taratibu upande wa pili.

“Kemia,” Citlali alisema mwishowe. “Sikuwahi kusoma kemia, mama. Nilikiokota maktaba kwa sababu kilikuwa kikubwa.”

Mama alilia, nami sitamfichia. Alilia akiwa ameishika simu mbali ili asisikike, lakini alisikika. Aliposhusha pumzi alisema la kweli, kwamba alikuwa anamtazama kwa fahari, siku zote hizo, mita kumi na tano tu, na aproni kiunoni. Kwa nini hakutoka akakaa naye? Hairuhusiwi kukaa meza za wanafunzi na aproni, hiyo ndiyo kanuni. Lakini angeweza kuivua.

“Ni mimi niliyekuomba usinijue,” Citlali alisema.

“Na mimi nikatii. Mara moja tu maishani mama anatakiwa asitii, nami nikatii.”

Hawakuzungumza kuhusu theluji siku hiyo. Kabla ya kukata, Eréndira alimtajia habari ya fomu, kama mtu anayetaja kichekesho, na Citlali hakucheka. Aliuliza wamebaki na siku ngapi.

Sahihi iliwekwa Alhamisi asubuhi, kwenye meza ya kuchambulia mboga, huku Zulma akiwa ameshikilia karatasi isilowe. Nyumbani Don Chema aliposikia kwamba kutakuwa na siku mbili za kulala nje, aliweka kijiko chini akatangaza kwamba mke wake analala nyumbani au hospitali. Kisha akacheka mpaka akakohoa. Habari za yule baba na kauli yake zilikuwa zimeshafika kiwandani.

Msimamizi aliyetumwa kutoka San Antonio kuwafundisha aliitwa Ofelia Barrientos, wakili, mwanamke wa miaka thelathini na minane mwenye macho makavu. Alimtazama Eréndira kuanzia juu mpaka chini, akatazama karatasi ya alama zake, akasema mstari, ndivyo wanavyoliita kundi la wanaojiunga, unapangwa kwa kimo, mfupi mbele. Hivyo yule mwanamke wa dirisha la wali akawa namba moja, na Itzayana namba saba, nyuma kabisa. Walijifunza historia ya chama, majina ya waliokianzisha, nyimbo, jinsi ya kutembea hatua moja. Kukariri hakukumsumbua, mtu aliyekariri rozari tangu utotoni hatishwi na majina kumi na mawili. Kutembea hatua moja kulimsumbua, lakini alipigana nako.

Kilichowashinda wote ni jina. Ofelia alisema katika mstari hakuna Doña wala heshima ya umri. Dada anaitwa jina lake, basi. Atakayesema Doña ataosha vyombo vya siku hiyo. Zulma aliosha vyombo siku nne mfululizo. Alikuwa anaanza, “Ere,” kisha “Doña” inatoka yenyewe, na wenzake wanampigia makofi. Mbaya zaidi, kila alipokwenda kuosha, Eréndira alikuwa ameshamtangulia kwenye sinki na mikono iko ndani ya povu. Alikuwa hawezi kukaa watu wakifanya kazi. Akiona sahani tupu anainuka. Akisikia mtu anakohoa anainuka kutafuta maji.

Jioni moja Ofelia alimfuata pale kwenye sinki, akafunga bomba.

“Mama hawakukosa,” alimwambia. “Kila mmoja anaye wake nyumbani. Hawa walikuomba uwe dada. Kaa.”

Alikaa. Alikaa kama mtu aliyewekwa kwenye kiti cha daktari, mikono juu ya magoti, akimsikiliza Zulma anavyovunja glasi. Lakini alikaa.

Ikaja shida ya korunda. Kanuni ya chama ni kwamba siku ya kufungua tawi waasisi hawapiki, hawapakui, hawabebi hata kiti. Siku hiyo wanakaa meza ya mbele, wengine wanawahudumia. Eréndira alisema sawa, isipokuwa ametoa neno, korunda mia mbili, na boksi la mkate alilipokea mbele ya mashahidi. Ofelia alisema kanuni ni kanuni. Wangeshindana mpaka leo kama habari isingefika mtaa wa relini. Siku ya Ijumaa saa nane mchana walianza kuingia nyumbani kwa Chema wanawake wa keki kumi na moja, wa magauni manne, wa maua na wa mbuzi. Kila mmoja alikuja na sufuria yake. Walimtoa Eréndira jikoni kwake mwenyewe, wakamkalisha sebuleni mbele ya televisheni, na kila alipochungulia kuangalia kama wanafunga majani kwa pembe tatu au kihuni huni, walimfungia mlango.

Citlali alikuwa amesema ataangalia kama kazini watampa ruhusa. Alisema pia, siku nyingine, kwamba chuo kile hakanyagi tena. Mama alishika hayo mawili bila kuuliza lipi ni jibu.

Jumamosi sherehe ilifanywa ndani ya bwalo lenyewe, kwa sababu hakuna ukumbi mwingine uliokuwa wazi. Waliingia saba kwa mstari, mabega yakigusana, wamefunika nyuso kwa mitandio, na mbele kabisa kitu kifupi kinene kinachotembea hatua moja na wenzake. Mitandio ilipotolewa, Don Chema alipiga mluzi wa kuitia ng’ombe. Wanawake wa mtaa walilia mapema kuliko ilivyopangwa. Ofelia aliwabandika vifuani beji zenye herufi tatu za chama, mmoja mmoja, akisoma majina, na alipofika kwa namba moja, yale macho makavu hayakuwa makavu. Tawi likawa limefunguliwa. Sita hawakuwa sita tena, na binti atakayekuja mwakani na kitabu chake atakuwa na meza ya kuuliza kama pana nafasi.

Wakati wa chakula waasisi walikalishwa mbele. Korunda zililetwa zinatoa mvuke. Eréndira alitandikiwa kitambaa, akawekewa sahani na mwanamke ambaye aliwahi kumnunulia keki, naye alikuwa ameshikilia kingo za kiti kwa mikono miwili ili asiinuke. Ndipo akatazama kuelekea dirisha kubwa.

Citlali alikuwa pale. Alikuwa ameingia kwa kuchelewa, koti bado mwilini, na kwa kuwa meza zote zilikuwa zimejaa familia za watu, alikuwa amekaa kwenye ile meza ya pembeni, peke yake, mkoba ameuweka kwenye kiti cha pili. Mbele yake kulikuwa na sahani, na kando ya sahani simu, naye alikuwa ameiinamia anaisoma. Baba yake alikuwa upande wa pili wa bwalo, anasimulia, hajamwona.

Eréndira akainuka.

“Ere, kaa chini,” Zulma alisema, na safari hii jina lilitoka safi. “Leo hugawi.”

“Sigawi,” akajibu. Alichukua sahani yake mwenyewe, korunda zake mbili, akashuka kutoka meza ya mbele mbele ya watu mia wote na kukatiza bwalo, akipita lile dirisha la kupakulia upande ambao hajawahi kulipita akiwa na sahani ya kwake. Alifika kwenye meza ya kando, akavuta kiti kilichokuwa mkabala na binti yake, akakaa.

Citlali aliinua macho. “Mama, rudi. Wanakutazama.”

“Waache watazame,” alisema Eréndira. “Leo sina aproni.”

Alifungua majani ya korunda ya kwanza, akaikata, akaweka nusu kwenye sahani ya binti yake kama vile binti hakuwa na za kwake. Hakuomba radhi, alikuwa ameiomba mara nyingi bila kufaa. Alimuuliza tu alilala saa ngapi, na barabara ilikuwaje, na Citlali aliifunika simu kifudifudi akaanza kumweleza.

Masimulizi yalikuwa hayajafika nusu ya barabara alipotokea Itzayana, namba saba, mrefu, ameshika sahani kwa mikono miwili, na nyuma yake Zulma na wengine wanagongana na viti. Alisimama kwa adabu kando ya meza akauliza kama pale pana mtu.

Citlali akamtazama mama yake, kisha akaondoa mkoba kwenye kiti.